Naomba ushauri: tairi za MX-5, kona zinanitesa

Wakuu habari zenu, nina Mazda MX-5 NB (toleo la pili), rimu inchi 15, saizi 195/50 (195 ni upana wa tairi kwa milimita). Injini haina neno, shida ni kona, ukikata usukani mbele inachelewa kuitika alafu inazidi kwenda nje, na mvua ikinyesha ndo usiseme kabisa, nyuma inataka kunipita. Tairi sio vipara ila mpira umekauka, pembeni kuna vinyufa na pale kwenye DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi, imeandikwa 2316, yani imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016, kwahiyo hizo natoa tu hakuna mjadala.

Sasa jamaa ananiambia niruke niweke 205, yani pana zaidi, mimi nasita maana gari yenyewe inacheza kwenye tani moja, naona kama usukani utakuwa mzito bure. Mwingine ananisukumia semi-slick, zile tairi za mbio zenye mifereji michache, sawa zinashika zikipata moto ila kwenye maji si balaa, na hii ndo gari ya kila siku.

Nabaki 195 nichukue laini kidogo, tredwea (namba ya uchakavu, ikiwa ndogo mpira huwa laini) 200 au 300? Na upepo mnaweka ngapi, ile 26 psi ya kiwandani au mnaongeza?