Je, kuvuka mpaka na kurudi huanzisha upya siku za msamaha wa viza?

Swali: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mtalii aliyesamehewa viza katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), akitoka siku 90 zinapokaribia kwisha na kurejea baada ya wiki moja, hupata siku 90 nyingine?

Jibu: Hapana, ndugu. Zinazoruhusiwa ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na kipindi hicho husogea kila kukicha: afisa hurudi nyuma siku 180 tangu siku anayokukagua, kisha hujumlisha siku zote ulizokuwa ndani, ikiwemo ya kuingia na ya kutoka, hata kama ulizigawa katika nchi kadhaa za eneo hilo. Aliyekaa siku 90 mfululizo hana budi kukaa nje siku 90 kamili.

Jibu: Marekani nako, kwa walioingia kwa msamaha wa viza, safari fupi ya Kanada au Mexico kwa kawaida haianzishi hesabu upya.

Jibu: Nasisitiza kwamba msamaha wa viza hauhakikishi kuingia, unaweza kudaiwa tiketi ya kurudi na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Anayekusudia kukaa sana Schengen ni heri aombe viza ya muda mrefu mapema, kwa kuwa siku zake hazihesabiwi katika zile 90.