Mliojiunga na klabu ya ujasiriamali chuoni, au mlioanzisha tawi: tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Wadogo zangu wawili wameingia chuo na wote wananiuliza jambo moja: wajiunge na klabu ya ujasiriamali, au wakae na vitabu vyao? Jibu ninalo, ila ni la mtu mmoja. Naomba kila aliyepitia huko aseme yaliyomkuta, matamu na machungu.

Naanza mimi. Nikiwa mwaka wa pili tuliamua kufungua tawi la mtandao mmoja wa wanafunzi uliokuwa tayari na matawi vyuo vingine. Tulikuwa 9, darasa moja, marafiki. Katiba tuliiandika usiku mmoja, tukaichapa, wote tukasaini. Ofisi inayoshughulikia wanafunzi ikatuambia bila mhadhiri wa kuwa mlezi hakuna usajili. Wahadhiri wawili wakakataa, kazi zimewazidi. Wa tatu, mama mtu mzima, akapitisha kidole kwenye orodha yetu, jina baada ya jina, halafu akauliza: "Ninyi mkihitimu, nani anabaki?" Tukatazamana. Akaturudishia karatasi: "Nileteeni wanne wa mwaka wa kwanza, nami nitasaini."

Tulitoka pale tumenuna. Wiki tatu tulizunguka mabwenini kuwatafuta hao wanne, na wa mwaka wa kwanza wenyewe hata vyumba vya mihadhara walikuwa hawajavizoea. Lakini swali lile ndilo lililoliweka tawi hai. Klabu nilizoshuhudia zikifa, nyingi zilikuwa na fedha na watu. Zilikufa siku ya mahafali.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Umegusa penyewe mkuu.

Mimi nilikuwa Enactus. Kwa wasioifahamu, ilianza Marekani mwaka 1975 ikiitwa Students in Free Enterprise, jina la sasa likaja 2012. Timu ya chuo inabuni mradi wa kubadilisha maisha ya watu kwa njia ya biashara, inashindana na vyuo vingine nchini, na mabingwa wa kila nchi wanakutana kwenye kombe la dunia. Niliingia nikiwaza jukwaa na suti. Nilichopata ni kujua kuuliza.

Mradi wetu wa kwanza, wa majaribio, ulikuwa kufulia wanafunzi nguo. Tuliwauliza watu 40, "ungependa huduma hii?" Karibu wote wakasema ndiyo. Siku ya kufungua wakaja 3. Niliumia sana, nilikuwa nimebandika matangazo kila ngazi ya bweni kwa mkono wangu. Mlezi akaturudisha kwa watu walewale, akatukataza kabisa neno "ungependa". Tuulize: mara ya mwisho umefua lini? Ulifua nini? Nini kilikushinda? Hapo ndipo tukasikia kwamba nguo zake kila mtu anafua mwenyewe na hataki kumpa mgeni. Kinachomshinda ni blanketi na mashuka, hayana pa kuanikwa. Tukaacha yote, tukafua mablanketi na mashuka tu. Wiki iliyofuata tulikuwa na foleni.

Mpaka leo nikisikia mtu ana wazo la biashara, naanza na hilo la mara ya mwisho.

Mchangiaji wa 3

Mimi niseme ya machungu, maana yakifichwa watarudia.

Klabu yetu michango ilikuwa inaingia kwenye akaunti binafsi ya mweka hazina. Kijana mwaminifu kabisa. Siku moja simu yake ikaibwa, akashindwa kuonyesha salio kwa zaidi ya wiki mbili. Hela haikupotea hata senti, ila urafiki ulipotea. Watu walimsema mbele yake. Alilipa kila kitu, akaandika barua ya kujiuzulu, na hatukumwona tena kwenye kikao.

Baadaye tukanunua daftari kubwa, kila ingizo sahihi mbili, stakabadhi inabandikwa kwa gundi ukurasa uleule. Akaunti ikafunguliwa kwa jina la klabu, mlezi akiwa mmoja wa watia sahihi. Yalikuwa mambo ya siku moja. Tungeyafanya mwanzoni, yule kijana angekuwa bado rafiki yangu.

Mchangiaji wa 4

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa kwanza, nasoma uhandisi, biashara sijui chochote. Wananipokea? Na masomo yatapona?

Mchangiaji wa 5

Marahaba mdogo wangu. Nenda, tena wewe ndiye wanayekuhitaji. Timu yetu ya Hult Prize, yale mashindano ya dunia ya mawazo ya biashara ya wanafunzi wa vyuo, yenye zawadi ya dola milioni 1, ilikuwa watu watatu wa biashara watupu. Tuliishia raundi ya chuoni. Jaji aliuliza kifaa chetu atakitengeneza nani, tukabaki kusoma slaidi. Waliotushinda walikuwa na fundi wao pale mbele, ameshika kifaa chenyewe mkononi, nyaya zinaonekana.

Kuhusu masomo, angalia kwanza klabu inafanya nini. Zipo ambazo kila Jumamosi ni mgeni rasmi, makofi, picha, basi. Hizo zitakula muda wako bure. Hudhuria vikao viwili kabla ya kulipa ada, usikie kama kuna mtu anatoa taarifa ya alichouza au alichojaribu wiki hiyo. Na wiki za mitihani, klabu yenye akili inafunga shughuli.

Mleta mada

Asanteni sana, nimewatumia wadogo zangu uzi wote. Mmoja ameuliza: yule mama alisaini?

Alisaini. Siku tuliyowapeleka wale wanne aliwakalisha wao viti vya mbele, sisi tukasimama nyuma. Mmoja wao alikuwa binti mpole, hakusema neno kikao kizima, ila aliandika kila kitu. Tulipohitimu, yeye ndiye aliyepokea daftari la hesabu, muhuri na nywila zote za klabu. Naye kabla ya kuondoka alishakabidhi.