Kifo gani cha kwenye muvi, kitabu au gemu hujakisahau mpaka leo? Tupeane uzoefu

Mtani wa Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi.
Jana jioni nilimwekea kijana wangu wa miaka mitano ile katuni ya simba, The Lion King. Nilishaiona zamani, najua ni ya watoto, nikaendelea na simu yangu. Tukafika pale Mufasa anaangushwa kwenye kundi la nyumbu, halafu kale katoto kanamsukuma baba yake kwa kichwa ili aamke. Dogo kaganda. Kaniuliza, "Baba, na babu wa Kongwa walimsukuma akakataa?"
Mzee wangu tumemzika mwezi wa nane. Nikajifanya naenda kuangalia kama maji yametoka.
Hivi nani aliamua hizi ni za watoto? Mwagikeni.

zabibu kavu
Nimewahi siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje.

Steringi Mstaafu
Kwetu Chang'ombe kibanda umiza kilikuwa cha mabati, TV moja ya kioo kidogo, benchi zinachana suruali. Sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Siku hiyo ikaletwa Titanic, kanda mbili. Jack akazama, watu kimya, tunajua atatokea mbele huko. Muvi ikaisha. Jamaa mmoja muuza mkaa akasimama kudai hela yake, eti mwenye kibanda kaficha kanda ya tatu! Benchi zilirushwa siku ile, na mimi kovu ninalo mpaka leo juu ya nyusi.

Binti Mpwapwa
Ule ubao wangetosha wote wawili. Yule dada mchoyo tu.

Fundi Jokofu
Shida si nafasi, ni uzito. Jack alijaribu kupanda ukapinduka. Rudia kuangalia.

Binti Mpwapwa
Wangepokezana basi. Wanaume mnapenda kufa ili msifiwe.

Mwalimu wa Zamu
Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa nafundisha Kilio Chetu, ile tamthilia ya Ukimwi. Nilikuwa nagawa nafasi, kila mwanafunzi anasoma maneno ya mhusika wake kwa sauti. Tulipofika kwenye kuumwa kwa Joti, kijana aliyekuwa anasoma akanyamaza. Nikamwambia endelea, nikidhani kapoteza mstari. Kumbe alikuwa anaangalia kitabu bila kukiona. Wa pembeni yake akakivuta taratibu, akamsomea mpaka mwisho wa onyesho, wala hakuna aliyecheka, na lile lilikuwa darasa la watundu. Baadaye ndiyo nikajua nyumbani kwao wamebaki yeye na bibi.
Mwaka uliofuata sikugawa tena nafasi. Nilikuwa nasoma mwenyewe.

Mama Wawili
Ndiyo maana nasema vitabu vya vifo vitoke mashuleni. Watoto wana mizigo yao tayari.

Mwalimu wa Zamu
Dada yangu, Rosa Mistika ya Kezilahabi ilishawahi kupigwa marufuku mashuleni. Unajua kilichotokea? Tuliisoma bwenini, imefunikwa gazeti, kwa zamu, na hakukuwa na mtu mzima wa kuongea naye tulipofika pale Rosa anapojiua.

Mama Wawili
Wewe mwalimu, mimi mzazi. Tusifike mbali.

zabibu kavu
Fikeni tu, karanga bado zipo.

Abiria wa Behewa
Nyie mnaongelea meli. Mimi muvi yoyote yenye treni siangalii.
Juni 24, 2002. Nilikuwa na miaka 13, natoka Morogoro na mjomba, tunakuja Dodoma. Treni ilikuwa imepita Msagali inapanda kuelekea Igandu. Ikasimama. Halafu ikaanza kurudi nyuma polepole, watu wakacheka, mmoja akasema dereva kasahau mzigo. Nilikuwa dirishani. Ule mbuyu tuliokuwa tumeupita ukapita tena, sasa unaenda upande mwingine. Kikombe cha mjomba kikateleza kwenye kimeza, na hapo kicheko kikaisha. Kasi ikazidi, wamama wanaita majina ya watoto. Mjomba akanisukuma chini ya kiti, akakaa juu yake.
Kishindo sikikumbuki. Nakumbuka kuku analia mahali fulani, na mkono wa mjomba bado umenishika kola. Nilimwambia aniachie nitoke. Nilimwambia mara nyingi.
Nyuma yetu kulikuwa na treni ya mizigo, ndiyo tuliyoigonga. Walikufa watu 281.
Mwaka jana nipo kwenye basi kutoka Dar, wakaweka muvi ya treni iliyokatika breki. Nikamwomba konda abadilishe. Abiria wakapiga kelele, kama hutaki shuka. Nilishuka Kibaigwa, nikamalizia na Coaster. Nauli yangu ikapotea.

Mzee wa Kizota
Pole sana mwanangu.

Dogo Ihumwa
Hii chai. Treni nzima irudi nyuma yenyewe?

Mjukuu wa Gulwe
2002 ulikuwa wapi wewe? Kwetu baba aliondoka na kitanda cha kamba kwenda kubeba majeruhi, akarudi bila kitanda. Mpaka anakufa hakuwahi kusimulia. Futa hiyo komenti.

Dogo Ihumwa
Samahani mkuu. Sikujua.

CJ wa Makole
Nilikuwa nacheza San Andreas kwenye kibanda cha PlayStation mwaka aliofariki mama. Lile gemu linaanza jamaa anarudi mtaani kwao kwa sababu mama yake ameuawa. Hilo halikunigusa. Kilichonigusa ni kwamba ukifa unatokea nje ya hospitali, mzima, umekatwa dola 100 na silaha zako. Nilikuwa najiua makusudi ili nione akitoka pale mlangoni. Nilimaliza hela ya madaftari. Mwenye kibanda akawa ananiongezea dakika bure, sijui alijuaje.

Binti Mpwapwa
Dah. Kwa hili sina utani.

Steringi Mstaafu
Kanumba alipofariki Aprili 2012, mtaani kwetu ziliwekwa muvi zake wiki nzima. Bibi akimwona kwenye TV anatembea, anauliza: "Si huyu hapa? Sasa mmemzika nani?"

Mama Wawili
Mtoa mada, mwambie dogo babu amelala.

Mzee wa Kizota
Usithubutu. Wangu aliambiwa hivyo, ikawa nikisinzia mchana ananifungua macho kwa vidole. Mpeleke Kongwa akalione kaburi.

Fundi Jokofu
Mwekee Tom na Jerry, kule hafi mtu.

Dogo Ihumwa
Tom anakufa kila siku, anapaa na mabawa kabisa.

Mtani wa Nkuhungu
Asanteni wakuu. Dogo ameomba tena ile ya simba leo, ila niizime kabla nyumbu hawajaja. Nimeizima. Tumekaa tunaangalia kioo cheusi.

Binti Mpwapwa
Na Titanic tuizime kabla ya barafu.

Fundi Jokofu
Sasa hapo tumekubaliana.