Kisu cha kukunja: S30V au 14C28N, kipi kinakaa na makali?

Mkunjo: Wakuu, wiki hii nanunua kisu cha kukunja. Nimebaki na viwili: kimoja chuma chake ni S30V, kingine 14C28N. Umbo na uzito havipishani, ila cha S30V bei iko juu. Kipi kinakaa na makali?

MzeeTupa: Unakatia nini, na unanolea nini? Bila hayo mawili tutakuwa tunapiga ramli.

Binti_Kinoo: S30V inakaa zaidi, hilo halina ubishi. Ina madini ya vanadi asilimia 4, na chembe za kabidi yake, yaani vanadi iliyoshikana na kaboni, ni ngumu kuliko kinoo cha kawaida. Ndiyo maana inachelewa kulika, na ndiyo maana siku ikiwa butu utasota. 14C28N chembe zake ni ndogo, dakika chache kwenye jiwe inanyoa nywele za mkono. Mimi naichukua hiyo.

Chuma_Kavu: Mkuu, achana na vyote viwili, tafuta chuma cha kaboni, 1095. Inanoleka hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo.

Binti_Kinoo: Na kutu je, kaka? Jasho la mkono tu, kesho kina madoa.

Chuma_Kavu: Unakifuta, unapaka mafuta kidogo, basi.

Ubapa: Mimi nilikuwa na hicho cha 1095, nakipenda kweli. Kilipokuwa butu nikampelekea mnoaji mmoja, akakitia kwenye mashine kavu, haina maji ya kupoza, cheche zinaruka. Kilirudi kinapasua karatasi bila sauti. Kesho yake, maboksi matatu tu, kinateleza. Nikakisogeza dirishani: juu kidogo ya makali kuna mstari wa buluu, mwembamba kama uzi. Buluu ile kwenye chuma cha kaboni ni joto la karibu nyuzi 300, ugumu ulishaondoka. Nilikaa na jiwe jioni tatu mpaka nikapita sehemu iliyoungua. Ubapa ulipungua, na mpaka leo nikikikunja naona pengo lililobaki kwenye mpini. Msikubali mashine kavu, jamani.

MzeeTupa: Pole sana ndugu. Ukingo ni mwembamba, joto halina pa kukimbilia.

Mkunjo: Nakatia maboksi na kamba, kila siku kazini.

MzeeTupa: Ungesema mapema! Maboksi yanakula makali vibaya. Chukua S30V na kinoo cha almasi, chenye chenga namba 400 kisha laini zaidi, 1000. Pembe ya kunolea nyuzi 20 kila upande. Noa upande mmoja mpaka kidole kisikie chuma kimejikunja upande wa pili, ndipo ugeuze. Usipokisikia, hujafika kwenye makali.

Binti_Kinoo: Mzee wangu, nyuzi 20 kwa boksi ni butu tangu mwanzo. Nyuzi 15 inapita yenyewe, na 14C28N inazivumilia bila kumeguka.

Chuma_Kavu: Na jiwe mnatia maji au mafuta? Mimi mafuta, siku zote.

Binti_Kinoo: La almasi maji na tone la sabuni, mafuta yanalizibisha.

Chuma_Kavu: Langu lina miaka, halijaziba.

Mkunjo: Jiwe lenyewe sina. Hilo la almasi linafaa na kwa 14C28N?