Kumbukumbu gani itamfaa mwenzetu aliyefariki tukiwa mwaka wa tatu?

Mwakilishi wa darasa

Habari zenu. Mwenzetu alifariki wiki sita zilizopita baada ya kuugua muda mfupi. Tuko mwaka wa tatu, Kemia, na kwa kuwa mimi ndiye mwakilishi, daftari la michango liko kwangu na lawama pia. Chuo kimekubali tuweke kumbukumbu, mradi tulete pendekezo kwa maandishi. Hapo ndipo tulipokwama. Wako wanaotaka mti, wako wa benchi lenye jina, wako wa mfuko wa ufadhili. Mmoja, simtaji, anataka sanamu ya kuanzia kifuani, na hatanii.

Marehemu alikuwa na ngazi yake. Nje ya maabara, ya tatu kutoka chini. Jioni anakaa pale, daftari gotini, na yeyote anayepita na sura ya kufeli anaitwa. Mwaka wa kwanza niliitwa mimi, kwa kushindwa kusawazisha milinganyo. Hakukupa jibu, alikupa kalamu. Karatasi zikiisha anaandika sakafuni kwa chaki, na kesho yake mfagiaji anagomba. Kupigwa picha hakutaka kabisa: kwenye picha ya darasa zima kimeonekana kiwiko chake tu.

Sasa mtu aliyekimbia kamera namna hiyo tumchongee sanamu? Nisaidieni mawazo.

Mtunza bustani

Poleni sana kwa msiba. Nimetunza bustani za chuo miaka mingi, nimepanda miti ya kumbukumbu na nimeng'oa iliyokauka. Kinachoua miti hii ni likizo ndefu. Mche unataka maji ya uhakika mwaka wa kwanza na wa pili, na ninyi mtakuwa mmeshahitimu mko kwenu.

Mkiushikilia mti, shimo liwe pana mara mbili au tatu ya fungu la mizizi, ila kina kisizidi fungu lenyewe, maana shina likifukiwa linaoza. Kaeni mbali na kuta na mabomba. Na tafadhali, kibao msikipigilie kwenye shina. Shina linanenepa, linakimeza. Kuna kimoja nilikikuta zimebaki herufi mbili. Jina liandikwe kwenye jiwe, liwekwe chini pembeni.

Halafu jiulizeni: mti ukifa, nani ataenda kumwambia mama yake? Mimi nilishatumwa kazi hiyo mara moja. Sitaki tena.

Mkutubi mstaafu

Wanangu, poleni. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Harry Widener alihitimu Harvard mwaka 1907, akafa Titanic ilipozama mwaka 1912. Alikuwa mkusanyaji wa vitabu adimu, kijana tu. Mama yake alikijengea chuo maktaba kwa jina lake, ikafunguliwa 1915, na vitabu vyake vikawekwa humo. Watu husifia ukubwa wa jengo. Mimi nikiwa mtu wa vitabu naona lilimkaa kwa sababu moja tu: angekuwa hai, ungemkuta humo humo.

Mfuko wa ufadhili mnautaka kwa moyo, lakini pigeni hesabu kwanza. Mfuko wa kudumu haugusi mtaji. Unatumia sehemu tu ya kinachozalishwa, mara nyingi asilimia 4 au 5 kwa mwaka. Katika kila mia mliyochanga, mwanafunzi anapata nne au tano. Linganisheni na ada ya mwaka mmoja. Michango ya darasa moja haifiki huko, labda muifanye zawadi ndogo itakayokwisha baada ya miaka michache, na mseme hivyo waziwazi tangu mwanzo.

Jingine, msiharakishe cha kudumu. Kwenye chuo cha Virginia Tech, Marekani, baada ya watu 32 kuuawa kwa risasi Aprili 2007, wanafunzi walipanga mawe 32 uwanjani kwa nusu duara. Hawakungoja kamati. Chuo kilipokuja kujenga kumbukumbu ya kudumu kiliufuata mpangilio uleule.

Mnasihi wa wanafunzi

Nasema machache. Familia iulizwe kabla ya pendekezo, isije ikaonyeshwa kitu kilichokwisha amuliwa. Na chuo kiwe na utaratibu mmoja kwa vifo vyote vya wanafunzi, awe aliyependwa na wengi au aliyekuwa mkimya, na kifo kiwe kimetokana na nini. Mwakani anaweza kufariki mwingine asiye na marafiki wengi. Wazazi wake watapita mbele ya kumbukumbu yenu wakiuliza ya mtoto wao iko wapi.

Mwakilishi wa darasa

Asanteni. Shikamoo mzee wa maktaba, neno la "ungemkuta humo humo" nililisoma mbele ya darasa, na hata mtu wa sanamu akanyamaza.

Nilimpigia mama yake. Nilikuwa nimeandika ya kusema, sikusema hata moja. Alitaka mambo mawili: picha isiwepo, na tusimwandike "shujaa", kwa sababu angecheka. Jina na miaka, basi.

Tumekubaliana kuweka ubao ukutani, pale pale kwenye ngazi yake, wa kuandikia yeyote anayetaka. Jina litachongwa kwenye bati pembeni, lisipakwe rangi, maana jua la pale linafuta kila kitu. Fundi wa maabara amekubali ubao uandikwe kwenye orodha ya vifaa vyake, kwa hiyo tukiondoka una mwenyewe. Kwa sasa tumebandika karatasi kubwa ya muda. Mfagiaji kaipita mara mbili hajaigusa.

Lakini tumegawanyika tena: ubao wa chaki, au ule mweupe wa kalamu za wino? Paa lipo, ila mvua ya upepo huwa inafika.

Mtunza bustani

Chaki. Kalamu zitaondoka na watu siku hiyo hiyo.