Mdogo wangu kasogeza mpaka wa kihamba. Nitajishushaje wakati haki ni yangu?

Kaka wa Marangu:
Habari zenu wakuu. Baba alitugawia kihamba, yaani shamba letu la familia, angali hai, mbele ya baba wadogo, akapanda masale, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka, kati ya migomba yangu na ya mdogo wangu. Mimi nafanya kazi Dar es Salaam, narudi nyumbani Desemba. Mwaka juzi nikakuta masale yameng'olewa na kupandwa hatua tatu ndani ya upande wangu. Nilipomuuliza, akanijibu mbele ya wazee kwamba mtu wa mjini hajui thamani ya shamba. Tangu siku hiyo hatusalimiani.

Hizo hatua tatu zina migomba michache na kahawa iliyozeeka, hazijaninyima chakula. Kinachoniuma ni lile jibu. Usiku nalirudia, napanga ningemwambia nini. Mama naye kazeeka, Krismasi inabidi ale kwetu kisha aende akale kwake. Kila mtu ananiambia "jishushe". Najishushaje wakati mimi ndiye niliyekosewa?

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Hapo una mambo mawili na umeyafunga pamoja.

Mpaka una njia zake. Anza na hao baba wadogo waliokuwepo siku ya kugawa. Wakishindwa, lipo baraza la kata. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fuata njia hiyo bila aibu yoyote.

Lakini hakuna baraza litakalomwamuru mdogo wako akuheshimu. Hata ukirudishiwa hatua zako zote tatu, lile neno utaendelea kulala nalo. Hilo ndilo la kuliachia.

Na wewe ni Mchaga, unajua isale halipandwi mpakani tu. Aliyekosa humtuma mzee na jani lake kwenda kuomba radhi, na kulikataa ni jambo zito sana. Najua unasubiri liletwe. Ila mdogo wako pengine anaogopa kwamba akilileta utamfukuza nalo mbele za watu. Mwambie baba mdogo, kimya kimya, kwamba likija utalipokea. Haki yako hujaipoteza, mlango tu umeufungua.

Bakari wa Tanga:
Mama kasema vizuri, ila naomba niongeze jambo, maana hili neno "jishushe" linatumika sana kumnyamazisha aliyedhulumiwa, na mimi silipendi. Sisi Waislamu tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba kiburi ni kuikataa haki na kudharau watu. Kwa hiyo kaka, kudai mpaka wako si kiburi hata kidogo. Usikubali mtu akubebeshe hilo.

Lakini ipime ile sehemu ya pili, ya kudharau watu. Mwaka mzima nani anampeleka mama kliniki? Nani anakata majani ya ng'ombe, nani anasafisha mfereji? Kama ni yeye, neno la "mtu wa mjini" halikuzaliwa siku ile mbele ya wazee. Lina miaka. Msikilize kwanza hapo, ndipo mzungumze hatua tatu.

Kaka wa Marangu:
Nimewasoma wote, asanteni sana. Ni yeye anayempeleka mama kliniki ya presha, ni kweli. Nimeamua: mpaka waje waupime baba wadogo, na watakachosema nitakifuata. Kuombwa radhi hadharani sidai tena. Baba mdogo nitamwona wiki ijayo, anakuja Dar. Swali moja limebaki: nimpigie mdogo wangu kabla, au nisubiri ujumbe ufike?

Nesi Mstaafu:
Piga leo. Muulize presha ya mama ikoje, muulize na ng'ombe. Mpaka usiutaje kabisa.