Spika za senta zizimwe saa ngapi?

MLETA MADA: Wakubwa shikamooni, vijana habari zenu. Nimestaafu ualimu mjini, nikarudi kibanjani kwetu, shamba la migomba na kahawa, Muleba mkoani Kagera. Huu mwaka wa tatu. Asubuhi nakaa barazani na chai ya mchaichai, nasikiliza umande unavyodondoka kutoka jani la mgomba kwenda jani la chini yake: to, to, to. Kahawa nimeianika mkekani, kuku akijipitisha namrushia kandambili. Usiku wa giza nikisogea ukingoni mwa mlima naziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, utadhani kuna mji umehamia majini. Ndicho nilichokuwa nakitamani miaka yote ile ya kugombania daladala.

Umeme umefika, nashukuru, niliunganishiwa kwa 27,000. Ila nyuma ya nguzo ikaja baa pale senta, na baa ikaja na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Ijumaa hadi Jumapili ni mpaka majogoo. Msimu uliopita wa senene, wale panzi wetu wa kula, nilitoka na mjukuu wangu, nikataka asikie wanavyolia kwenye majani. Aliambulia besi tu.

Hoja yangu: utulivu wa kijiji ni wa wote, kama chemchemi. Mkutano mkuu wa kijiji upitishe saa nne usiku, spika kimya. Mnasemaje?

KIJANA WA SENTA: Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hapa nakataa. Wewe una pensheni, mimi nina kreti sita. Wateja wangu wanatoka shamba, wanaoga, wanakula, wananifikia saa tatu. Ukizima saa nne umeniachia saa moja ya biashara. Kila siku mnalalamika vijana wanakimbia vijiji. Tukibaki mnataka tubaki kimya. Na huo ukimya sisi tumekulia ndani yake. Ulikuwa unafika senta unakuta wazee wawili wanacheza bao, wa tatu kasinzia.

MAMA WA BONDENI: Huo umande mwalimu anaousikiliza barazani, mimi unanilowesha gauni saa kumi na moja alfajiri, dumu kichwani. Tuanzie hapo. Na hao senene, zamani waliotoka kuwaokota ni sisi wanawake, wanaume mkasubiri sahani. Mwalimu alisikilizia wapi?

Lakini kwenye spika niko upande wake. Nina kichanga. Kikishtuka saa nane usiku nakibembeleza mpaka kunakucha, na jembe linanisubiri. Mwenye muziki wake yeye analala mchana.

MTU WA WILAYANI: Niongeze kidogo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na hazikutungwa kwa ajili ya mjini peke yake. NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ndio hawaonekani huko. Sheria ndogo ya kijiji inawezekana chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Msitarajie mwezi mmoja. Na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mwalimu ahesabu vizuri. Vijana wakijaa siku hiyo, hoja yake inakufa mchana kweupe.

MLETA MADA: Marahaba kijana. Kwenye kreti umenipata. Mshahara wangu haukuwahi kutegemea mlevi wa saa tatu usiku. Mama, nawe umenikamata. Aliyekuwa anatoka na ndoo ni mama yangu, mimi nilikuwa nawasikia nikiwa kitandani, asubuhi nawakuta wamekaangwa.

Basi nashuka. Iwe saa tano siku za kawaida, saa saba usiku Jumamosi, na baada ya hapo muziki uwe wa ndani, wa kusikiwa na waliomo. Sikubali kwamba anayependa kimya ni mzee aliyechoka na maisha. Wapo vijana hapa wanaoamkia mashambani wakiwa hawajalala, hawasemi kwa kuogopa kuitwa washamba.

Kijana, njoo kibanjani tuandike pendekezo pamoja kabla ya mkutano wa robo hii. Kahawa ipo. Ila ile spika iliyoelekea bondeni igeuze leo. Kichanga hakiwezi kusubiri wilaya iidhinishe.